Bakuli la Chai la Hagi: Mwongozo Kamili wa Kulichagua, Kulizoesha Maji, Kulinywea na Kulitunza

Mara ya kwanza nilipotia maji katika bakuli langu la Hagi, lilitoa sauti. Vipovu vidogo kama vichwa vya sindano vilipanda kutoka kwenye nyufa za ndani, ti-ti-ti, na rangi yake ikaanza kugeuka machoni pangu: weupe wa maziwa ukawa wekundu hafifu wa papai linaloanza kuiva. Baada ya robo saa nililiinua, na juu ya meza pakabaki pete ya maji. Nikajua nimeuziwa kibovu. Kumbe sivyo. Bakuli la Hagi hunywa maji, ndivyo lilivyo, na karibu kila kosa ambalo watu hulitendea hutokana na kutolijua jambo hilo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezawadiwa bakuli la namna hii, au anayetaka kuliagiza, na hana mwalimu wa chai jirani wa kumuuliza. Nimeupanga kwa hatua, tangu kununua hadi kutengeneza lililovunjika. Ukikosa muda wa kusoma yote, soma sehemu ya kukausha. Hapo ndipo mabakuli mengi huharibikia.

Ujue kwanza ulichoshika

Hagi ni mji wa pwani katika mkoa wa Yamaguchi, magharibi mwa kisiwa cha Honshu, Japani. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, wakuu wa Kijapani walirudi na wafinyanzi wa Kikorea, kwa sababu walimu wa chai wa wakati ule waliyatamani sana mabakuli ya Korea. Mmoja wa wakuu hao alikuwa Mōri Terumoto. Mwaka 1600 alijikuta upande ulioshindwa katika vita vya Sekigahara, akapokonywa sehemu kubwa ya ardhi yake, na mwaka 1604 akahamia Hagi kuanza upya. Ni chini yake ndugu wawili wa Kikorea, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, walipoanzisha ufinyanzi wa mji huo. Mwaka 1625 Yi Gyeong alipewa jina la Kijapani, Kōraizaemon. Kōrai ni jina la zamani la Korea. Kwa hiyo nchi aliyotolewa ilibaki ndani ya jina lake jipya, na wafinyanzi wa ukoo wake, ukoo wa Saka, wamelirithishana jina hilo kizazi baada ya kizazi. Mimi hulikumbuka jambo hili kila ninapoligeuza bakuli kutazama kitako chake. Umbo lile lilifika Japani na watu ambao hawakuchagua kwenda.

Wapenzi wa chai wa Japani wana usemi: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Ni mpangilio wa vyombo vinavyopendelewa kwa chai, na Hagi imekaa hapo kwa sababu ya udongo wake.

Udongo huo ni wa aina tatu zinazochanganywa. Daidō ndio msingi: mweupe, wenye mchanga mwingi, unaostahimili moto mkali bila kushikana sana. Mitake huongezwa kuurekebisha mchanganyiko. Wa tatu hutoka kisiwa cha Mishima, una madini mengi ya chuma, na ndio unaotia wekundu na weusi. Juu ya udongo hupakwa glezi, yaani maji mazito ya majivu na mawe yaliyosagwa ambayo motoni huyeyuka yakawa tabaka la kioo. Majivu ya kuni hutoa kioo angavu kinachoruhusu rangi ya udongo kuonekana. Majivu ya mabua ya mpunga hutoa weupe mzito kama tui la kwanza. Tanuri la jadi hujengwa likipanda mlima, vyumba vikifuatana kama ngazi, na huchochewa kwa kuni za msonobari hadi joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi.

Kwa moto kama huo udongo mwingine ungeshikana kabisa, usipitishe hata tone. Udongo wa Hagi haufiki huko. Hubaki na vinyweleo, ndiyo maana bakuli huwa jepesi kuliko linavyoonekana, laini mkononi, na halichomi vidole hata chai ikiwa ya moto. Kisha linapopoa, glezi husinyaa zaidi kuliko udongo ulioibeba, nayo hupasuka nyufa nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Wajapani huziita kannyū. Chai hupita katika nyufa hizo ikaingia kwenye udongo, na mwaka hadi mwaka rangi ya bakuli hubadilika. Mabadiliko hayo yana jina lake, nanabake, mageuzi saba ya Hagi. Saba hapa ni kusema mengi tu, usiyahesabu.

Jambo linalotakiwa kukaa kichwani ni hili: kile kile kinacholifanya lipendeze, yaani kunywa, ndicho kinacholihatarisha. Hatua zote zifuatazo ni za kusimamia maji yanavyoingia na yanavyotoka.

Hatua ya 1: Kuchagua

Wengi wetu hununua kwa picha, maana maduka ya vyombo hivi yako mbali nasi. Basi mwombe muuzaji picha za sehemu tano: ndani kutokea juu, ubavu wa mbele, ubavu wa nyuma, kitako, na kisanduku. Muuzaji asiyetaka kuonyesha kitako, achana naye.

Kitako ndicho kinachosema kweli kwa sababu kwa kawaida sehemu yake hubaki bila glezi. Hapo utauona udongo wenyewe: uwe na punje za mchanga, wenye rangi ya krimu, biskuti au wekundu, na si laini mithili ya kauri ya sahani. Mabakuli mengi ya Hagi yana pengo lililokatwa kwenye pete ya kitako. Si kuvunjika. Pale Hagi husimuliwa kwamba wafinyanzi wa mkuu walikuwa wakikata pengo hilo ili chombo kihesabiwe kina kasoro, na watu wa kawaida waruhusiwe kukinunua. Ni hadithi nzuri, ila vitako vilivyokatwa vilikuwapo tayari kwenye mabakuli ya Korea. Nimewahi kuona mnunuzi akidai arudishiwe fedha kwa sababu ya pengo hilo, na muuzaji naye asijue kumwelewesha.

Kinachowachanganya zaidi wageni ni kutofautisha nyufa za glezi na ufa wa kweli. Nyufa za glezi zimetapakaa kote, zinakutana na kuachana, na ziko juu tu. Ufa wa kweli ni mstari mmoja, mara nyingi huanzia kwenye ukingo na kuteremka, na ukitazama ndani na nje utaukuta mahali palepale. Ukiwa na bakuli mkononi, liweke juu ya kiganja kilichofunguka, uligonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Usitarajie mlio wa kengele kama wa kikombe cha kauri; Hagi nzima hutoa sauti fupi, nzito, kama kugonga kibuyu. Lenye ufa hutetemesha sauti, kama kitu kimelegea ndani.

Kwa upande wa ukubwa, bakuli la chai ya unga huwa na mdomo wa sentimita 12 hadi 15 na kimo cha sentimita 7 hadi 9 hivi. Yapo ya kina kirefu kwa majira ya baridi, hushikilia joto, na yapo mapana kama sahani kwa kiangazi, ili chai ipoe haraka. Bakuli la kwanza liwe la wastani. Tazama pia ndani: sakafu iwe na nafasi ya kuzungusha upekecho wa kukorogea chai bila kugonga ubavu, na katikati pawe na kibonde kidogo ambamo tone la mwisho la chai hukusanyika. Mfinyanzi asiyekunywa chai husahau kibonde hicho.

Kisanduku nacho kina thamani. Bakuli lililotiwa saini hutoka na kisanduku cha mbao nyepesi ya mpaulonia, juu ya kifuniko pameandikwa kwa wino aina ya chombo na jina la mfinyanzi, na muhuri wake umegongwa. Bila kisanduku hicho bei hushuka sana. Kwa mtu anayetaka kunywea, hiyo ni nafasi nzuri: nunua lisilo na kisanduku, kisha litafutie kasha lako mwenyewe. Majina makubwa sana usiyakimbilie. Miwa Kyūwa alitangazwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ambayo Japani huwapa mafundi wake bingwa, mwaka 1970, na mdogo wake Miwa Jusetsu, aliyejulikana kwa kuchanganya mchanga wa chenga kubwa katika udongo, mwaka 1983. Kazi zao ni za makumbusho. Wapo wafinyanzi wengi wa Hagi ambao mabakuli yao yametengenezwa kushikwa kila siku.

Nitaongeza onyo moja kuhusu mabakuli yanayouzwa kuwa ya zamani. Bakuli lililotumika kweli huwa na nyufa zilizokolea ndani, hasa pale chai inapofika, na nje huwa hafifu, zenye madoa yasiyo na mpango. Ukiona mistari imekolea sawasawa ndani, nje, mpaka karibu na kitako, mimi hushuku kuwa limechovywa katika chai au kahawa ili lizeeshwe.

Hatua ya 2: Kulizoesha maji

Bakuli jipya halipelekwi moja kwa moja kwenye chai. Liloweke kwanza katika maji safi ya kawaida, yalifunike lote, usiku kucha. Asubuhi litakuwa zito kidogo na rangi imekolea. Hii ni salama kwa kila bakuli, na kwa walio wengi inatosha.

Kuna njia ya pili, ya kuziba vinyweleo kwa wanga. Inamfaa mwenye bakuli linalovuja sana. Fanya hivi:

1. Chukua sufuria inayoliingiza bakuli lote, utandike kitambaa cha pamba chini ili kitako kisigonge chuma.
2. Weka bakuli likiwa limeshalowekwa, kisha mimina maji ya kuoshea mchele, yale ya mwanzo yaliyo meupe, mpaka yalifunike. Usitumie maji ya moto hapa. Maji na bakuli vipate moto pamoja.
3. Washa moto mdogo kabisa. Yakianza kufuka na kutikisika kidogo, acha hivyo dakika 15 hadi 20. Yasitokote kwa nguvu.
4. Zima, uache kila kitu kipoe humohumo ndani ya sufuria. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Ukilitoa likiwa la moto ukaliweka kwenye sinki baridi, utalipasua.
5. Suuza vizuri kwa maji ya uvuguvugu mpaka utelezi wote uishe, kisha likaushe kama nitakavyoeleza mbele.

Likiendelea kuvuja, tia ndani uji mwembamba wa unga wa mchele uliopoa, uache siku nzima, osha, rudia. Baada ya wiki kadhaa za matumizi chembechembe za chai nazo husaidia kuziba. Wapo wapenzi wa Hagi wasiotaka kusikia habari za wanga hata kidogo, wanasema unaliziba bakuli kinywa kabla halijaanza kuzungumza. Mimi nipo katikati: kama pete ya maji chini ya bakuli ni ndogo na hukauka yenyewe, liache. Kama chai yenyewe inatoka, liwekee wanga.

Neno kwa walio pwani. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Chumvi huingia na maji kwenye vinyweleo, maji yakikauka chumvi hubaki, ikarudi juu kama unga mweupe kuzunguka kitako. Ikirundikana inaweza hata kuing'oa glezi. Tumia maji ya mvua, ya chupa, au yaliyochujwa chumvi, kuanzia siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Kunywea

Chai inayokwenda na bakuli hili ni macha, majani ya chai ya kijani yaliyokuzwa kivulini kwa wiki za mwisho, yakapitishwa kwenye mvuke, yakakaushwa na kusagwa kwa jiwe yakawa unga laini. Unahitaji pia upekecho wa mwanzi, uitwao chasen. Umechongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi na kupasuliwa nyuzi nyingi nyembamba. Mafundi mashuhuri wa kazi hii wako Takayama, katika mji wa Ikoma, mkoa wa Nara. Mpekecho wa mti wa jikoni kwetu hauwezi kazi hii, nimejaribu, hautoi povu na unakwaruza.

Dakika kumi kabla ya kunywa, loweka bakuli katika maji ya uvuguvugu. Fanya hivyo kila mara, si siku ya kwanza tu. Udongo ukishajaa maji safi, chai haipati pa kuingia kwa fujo. Itapenya polepole, na nyufa zitakolea kwa usawa badala ya kuacha baka moja baya. Lifute nje. Kisha tia maji ya moto kidogo, loweshea humo ncha za upekecho zilainike, zungusha bakuli lipate joto, mwaga, ufute ndani kwa kitambaa safi.

Chekecha unga wa chai gramu 2, sawa na vijiko viwili vya mwanzi vilivyojaa. Maji yawe mililita 60 hadi 70, joto nyuzi 80 hivi. Usiwe na wasiwasi kama huna kipimajoto: chemsha maji, yamimine kwenye kikombe kingine, kisha kwenye kingine tena. Kila kumimina hupunguza takriban nyuzi kumi. Maji yanayotokota huitia chai uchungu na hulishtua bakuli.

Shika bakuli kwa mkono wa kushoto, upekeche kwa mkono wa kulia, kifundo cha mkono kikiwa chepesi, mbele na nyuma haraka kama anayeandika herufi M, sekunde 15 hadi 20. Usikandamize sakafuni, glezi ya Hagi ni laini na nyuzi za mwanzi hukatika. Povu likitokea, inua upekecho polepole, pita juu juu kuvunja mapovu makubwa, malizia katikati.

Bakuli lina uso, yaani upande ambao mfinyanzi au mwenyeji ameuchagua kuwa mbele. Mwenyeji huuelekeza kwa mgeni. Mgeni hulipokea kwa mikono miwili, huliweka kwenye kiganja cha kushoto, na huligeuza kidogo mara mbili kama mshale wa saa, ili midomo yake isiguse upande huo wa heshima. Akimaliza huinama karibu na mkeka kulitazama: ukingo, glezi ilipoteremka ikakoma, kitako. Sisi tuliozoea kupokea kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia na kumsifu mpishi hatuoni ugeni mkubwa hapo. Tofauti ni kwamba hapa huyo anayesifiwa ni pamoja na mfinyanzi.

Ipo pia chai nzito, koicha, gramu 4 hivi kwa kila mtu na maji kidogo mno, inayokorogwa ikawa kama rojo. Wageni kadhaa hunywa kutoka bakuli moja. Ianze baada ya miezi kadhaa ya ile nyepesi, kwa unga wa daraja la juu, la sivyo utaona uchungu mtupu.

Nimeulizwa mara nyingi kama bakuli hili linafaa kwa chai yetu ya maziwa. Hapana, na ninasisitiza. Mafuta ya maziwa huingia kwenye vinyweleo, huko ndani yanachacha, na hakuna kuosha kutakakoyatoa. Iliki na tangawizi nazo huacha harufu inayokaa. Ukitaka kulitumia kwa chai ya majani ya kijani bila maziwa, sawa, lakini bakuli moja liwe na kinywaji kimoja maisha yake yote.

Hatua ya 4: Kuosha na kukausha

Ukimaliza kunywa, osha papo hapo. Maji ya moto kiasi na vidole vyako, basi. Sabuni inaingia kunakoingia chai, na utakunywa sabuni wiki nzima. Usitumie sponji yenye upande mkali, usiliweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, wala kwenye maikrowevu, ambako maji yaliyofichwa ndani ya udongo huchemka na kulipasua.

Lifute kwa kitambaa cha pamba, ndani, nje, na kwa uangalifu zaidi kitako. Sasa liko kavu kwa macho. Ndani ya udongo bado limelowa.

Hapa nitasimulia lililonipata. Ilikuwa masika, nami nilikuwa na bakuli hili miezi minne tu. Nililiosha asubuhi, nikalifuta, jioni nikaliviringisha katika kitambaa chake, nikalitia kisandukuni, nikafunga kamba kama nilivyoona kwenye picha. Nilisafiri siku 18. Niliporudi na kufungua kifuniko, harufu ilinipiga kabla sijaona kitu, harufu ya godoro lililonyeshewa. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na kitako. Nilipokibandua, kwenye lile pengo la kitako palikuwa na manyoya ya kijivu na kijani, marefu kama ya kiwavi, na doa lake lilikuwa limepanda ubavuni nusu ya bakuli. Nililia, sioni aibu kusema. Doa limepungua, halijaisha mpaka leo.

Basi kausha hivi. Lipindue juu ya kichanja cha waya au vijiti viwili vya mianzi, mdomo chini, kitako juu, upepo upite pande zote. Kitako hakina glezi, ndiko maji yaliko mengi na ndiko yanakotokea. Usiku wa kwanza likae hivyo. Siku ya pili ligeuze likae wima kwenye kivuli chenye upepo. Kwenye nchi kavu siku mbili au tatu hutosha. Tanga, Mombasa, Zanzibar, wakati wa masika, mimi sasa huacha wiki nzima, karibu na feni.

Ukitaka kuhakikisha, usitegemee macho. Nilipojifunza kwa uchungu nilitafuta njia, na iliyonisaidia ni mizani ya jikoni. Bakuli lilipokuwa kavu kabisa, baada ya wiki tatu bila kutumiwa siku za kiangazi, nililipima na kuandika uzito wake kwa penseli chini ya kisanduku. Sasa kila kabla ya kulifungia nalipima tena. Likizidi hata gramu chache, hizo ni maji. Usipokuwa na mizani, gusisha kitako kwenye shavu: penye unyevu pana ubaridi.

Likishaota ukungu

Usikimbilie dawa ya klorini. Harufu yake hukaa kuliko ya ukungu. Lisugue kwa brashi laini chini ya maji, kisha lichemshe kama nilivyoeleza kwenye hatua ya pili, maji baridi kwanza, kitambaa chini, moto mdogo, safari hii kwa maji matupu. Dakika 30, lipoe humo, mwaga, rudia kwa maji mapya mpaka harufu iishe. Baada ya hapo lianike juani siku kadhaa. Kitambaa cha zamani kitupe, na kisanduku kiache wazi juani pia.

Kuhifadhi

Bakuli unalolitumia kila siku mbili tatu usilitie kisandukuni kabisa. Liweke wazi kwenye rafu, wima, mbali na jiko la mkaa na mafuta ya kukaangia. Kisanduku ni cha bakuli linalopumzika miezi. Liviringishe katika kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, maana unyevu ukibaki rangi huhamia kwenye udongo. Kamwe usitumie mfuko wa nailoni. Mpaulonia huvimba kidogo hewa ikiwa na unyevu na kujifunga, hewa ikikauka huachia. Nailoni huzuia tu yaliyomo yasitoke. Na walao mara moja kila miezi miwili lifungue, lipate hewa nusu siku.

Likivunjika

Usitupe vipande, hata vile vidogo kama punje ya mchele. Wajapani huunga vyombo kwa utomvu wa mti wa urushi na kupaka dhahabu ya unga juu ya maungio, ndiyo kintsugi. Siku hizi huuzwa mikoba ya vifaa vya kazi hii yenye gundi ya kemikali na rangi ya dhahabu. Inafaa kwa chombo cha pambo. Kwa bakuli la kunywea maji ya moto, mimi sikubali isipokuwa urushi halisi, au gundi ambayo mtengenezaji ameandika waziwazi kuwa inafaa kwa chakula.

Urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na utomvu wake mbichi huwasha na kuunguza ngozi kama mafuta ya ganda la korosho yanavyowaunguza wabanguaji wa Mtwara. Vaa glavu mikono yote miwili, na usiguse uso. Changanya urushi na unga wa ngano uliokandwa kwa maji mpaka uwe gundi inayovutika, paka nyembamba kwenye kingo zote mbili, unga, funga kwa utepe wa karatasi. Urushi haukauki kwa jua. Hugandishwa na unyevu, wa asilimia 70 hadi 80, katika joto la nyuzi 20 hadi 30. Hewa ileile ya pwani iliyoniotesha ukungu ndiyo inayoufaa. Liweke ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi, kisiliguse bakuli, ulifunike wiki mbili au tatu. Kisha kwaruza gundi iliyozidi, jaza mapengo kwa urushi uliochanganywa na unga laini wa udongo, usubiri tena, usugue kwa msasa wa maji, upake tabaka jembamba la urushi mwekundu, na likiwa linanata kidogo tu kama gamu iliyokaribia kukauka, nyunyiza dhahabu kwa brashi laini. Lirudishe kwenye boksi lenye unyevu, na usilitie chai kabla ya miezi miwili.